Kando ya lami na shemeji: wiki moja Nairobi tukitafuta jina la nyasi

Jumatatu

Shemeji amefika leo na shato (gari la abiria) ya Namanga, nikampokea Kitengela juu nilikuwa na kazi huko, tukapanda matatu ya tao pamoja. Mwili umechoka lakini mdomo bado uko fresh. Huyu ni mdogo wa mke wangu, mtu wa Moshi, na kazi yake huko ni ya barabara, yaani wao na kikundi chao wanapewa kipande cha barabara wanafyeka, wanazibua mitaro, wanalipwa. Kwa hivyo watu wengine wakija Nairobi wanaangalia maghorofa, yeye anaangalia chini, kando ya lami, anahesabu nani hajafyeka.

Tumefika Mombasa Road akaniuliza, "Hivi shem, hifadhi yenu mbona imejaa biashara?" Mimi nikaangalia kushoto juu huko ndio Nairobi National Park iko, nikamwambia hapana, huko hakuna biashara, kuna simba. Akacheka mpaka konda akageuka. Kwao hifadhi ni ya wanyama na pia ni ya barabara, hifadhi ya barabara, ile nafasi kati ya lami na mahali ploti za watu zinaanza, na iko kwa mabango kabisa. Sheria yao ya barabara ya 2007 ilipeleka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, yaani 30 kila upande ukipima kutoka katikati, ndio nyumba zikaanza kupigwa X nyekundu ya kubomolewa. Sisi wanyama tunawaita wa mbuga, na hiyo nafasi mtu wa Nairobi anaijua kama rodi rizavu, na X pia tunazijua vizuri sana. "Ploti yako iko kwa rodi rizavu" ni maneno yanaeza kumlaza mtu hospitali.

Lakini akaniuliza kitu nikakosa jibu. Rodi rizavu ni ya wapimaji na mawakili, sawa. Sasa ile nyasi yenyewe, ile mtu anakaa akingoja gari, nyinyi mnaiitaje? Nikasema… nyasi. Akasema haya.

Chini ya Expressway, ile barabara ya kulipia iliyojengwa juu ya nguzo, hakuna cha kuita jina. Kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilifunguliwa 2022, na pale kati ambapo kulikuwa na miti na maua sasa ni nguzo. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na mimi mtu wa bustani hiyo methali huwa naisoma vile ilivyoandikwa.

Jumanne

Leo Ngong Road. Nilikuwa nataka kuulizia bei ya nyasi kwa nasari za huko, na yeye alitaka tu kutembea. Tumepita mafundi wa fanicha, makochi yamepangwa nje yakiangalia magari, vitanda, meza, vumbi la msasa, halafu mbele kidogo zinaanza nasari, miche kwa karatasi nyeusi, vyungu, gunia za mbolea. Zote kando ya barabara.

Shemeji akatangulia. Na nyinyi mnajua Mtanzania akiomba kitu, anaanza mbali. "Dada habari za asubuhi, samahani, naomba kuuliza, haya majani unauzaje?"

Mama wa nasari akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Majani enda duka pale, mimi nauza nyasi."

Ilibidi niingilie. Huku ukisema majani bila kuongeza kitu, mtu anaelewa majani ya chai, pakiti. Kule kwao majani ndio hii kitu ya kijani inaota chini, wanafyeka majani, ng'ombe wanakula majani. Na ile kitu ya kufyekea, mimi naita slasha, yeye anaita fyekeo, mama akasema yote sawa bora mtu asikuje kuazima. Kutoka hapo wakawa marafiki, akaanza kumwita "kijana wa Magufuli", na mimi nikasahaulika.

Akamfundisha vizuri lakini, na hii ni sehemu nataka niandike juu wateja wangu wengi hawaijui. Alichukua kipande cha paspalamu na kipande cha nyasi ya Kikuyu akaviweka kwa kiganja. Paspalamu jani lake ni pana, linalala, linavumilia kivuli cha mti, ndio watu wa maploti madogo wanalipenda. Nyasi ya Kikuyu jani ni jembamba, ukishika shina unaona limetambaa na kila pingili imetoa mizizi yake, na ukichimba unakuta zingine zinatambaa chini ya udongo pia, kwa hivyo ukiikata juu haijali. Inataka jua. Na usipoikata wiki chache tu inakuwa godoro. Akatuonyesha pia sangari imejificha ndani ya gunia, akaichomoa akaitupa barabarani kwa hasira kama ni mwizi amemshika, juu hiyo ukiipanda na nyasi yako umejipandia shida ya maisha.

Halafu shemeji akaona gunia lingine, akauliza hii ni gani, akaambiwa nyasi ya Pemba. "Pemba? Pemba ya karafuu?" Hiyo hiyo. Mtu ametoka Tanzania kuja kuuziwa Pemba Ngong Road. Alipiga picha akatuma nyumbani.

Wakati wa kurudi nikamwambia tushukie kwa raundabauti, akasema kwenye kipilefti? Sikubishana, nilikuwa na njaa.

Jumatano

Mvua. Imenyesha tangu alfajiri na barabara yetu ya ndani imekuwa mtaro, kwa hivyo tumekaa nyumbani tunakunywa chai (ya majani) na mimi nikamtumia binamu yangu meseji. Yeye yuko Akron, Ohio, miaka mingi sasa. Nikamuuliza tu, huko kwenu ile nyasi iko kati ya njia ya miguu na barabara mnaitaje. Nilidhani atanijibu neno moja. Alituma voisi baada ya voisi, mpaka shemeji akaweka simu kwa spika katikati ya meza kama redio ya mpira.

Kumbe pale Akron inaitwa "devil strip". Ukanda wa shetani! Anasema alipohamia jirani yake mzee mmoja alimwambia kwa upole kabisa asipaki gari kwa devil strip, na yeye mtoto wa kanisa akaenda akafunga mapazia. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba zamani za tramu, ile nafasi nyembamba kati ya reli mbili ndio ilikuwa ikiitwa hivyo, juu ukisimama hapo na tramu mbili zikipishana umekwisha, halafu jina likabaki likahamia kwa nyasi. Na kichekesho ni kwamba ukiendesha chini ya saa moja kwenda kaskazini, Cleveland, hawajui shetani, wanasema "tree lawn", nyasi ya miti. Chicago ni "parkway". Wisconsin "terrace". Minnesota wanasema "boulevard", na Kanada pia wengi wanasema hivyo. Huko Seattle utaskia "parking strip" na mgeni anaeza kudhani ni ya kupaki, wakati hiyo parking ya zamani ilimaanisha kufanya mahali pakae kama paki ya miti. Kusini mwa Florida ni "swale" juu wameichimba kidogo ishike maji ya mvua, na hapo shemeji akainuka akasema hao ndio watu wa akili, sisi tunamwaga maji yote kwa mtaro halafu tunalia mafuriko.

Nikauliza nani aliketi chini akaandika haya yote. Wako. Kuna kamusi inaitwa Dictionary of American Regional English, ilifanyiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison chini ya Frederic Cassidy. Kati ya 1965 na 1970 walituma watu na magari wameyaita Word Wagons, wakaenda jamii 1,002, na dodoso la maswali zaidi ya 1,600, kikombe hiki mnakiitaje, mvua ya aina hii mnaiitaje, na swali moja kabisa lilikuwa la huo ukanda wa nyasi. Kitabu cha kwanza kikatoka 1985, na mpaka kufika Z ilikuwa 2012. Nilisikia wivu. Hebu fikiria gari kama hilo linatoka Lamu linazunguka mpaka Kigoma, linauliza tu watu nyasi ya kando ya barabara mnaiitaje. Hapa Nairobi lingewekwa klampu kabla ya saa nne asubuhi, lakini fikiria tu.

Nje ya Marekani sasa: Uingereza ni "verge", New Zealand "berm", Australia "nature strip". Na hapo kwa Australia ndio nilishtuka. Binamu ana rafiki yake Sydney, anasema hapo mtu akikuambia "kikuyu" anamaanisha nyasi! Ile ile ya mama wa Ngong Road! Asili yake ni huku kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikapelekwa huko, ikapenda, sasa wanaikata wikendi mbele ya nyumba zao wakisema kikuyu imekua sana. Marekani nako iko kwa orodha ya serikali ya magugu mabaya, California inawasumbua. Mke wangu alikuwa jikoni akasema kwa hivyo Wakikuyu wa Kiambu wako kila mahali.

Yaani nyasi ni moja na majina ni kumi.

Jumatalhamisi… Alhamisi, naandika nimechoka

Tumetembea kutoka Uhuru Highway mpaka Westlands kwa miguu, wazo la shemeji. Pale katikati ya barabara sisi tunasema islandi. Jakaranda za upande wa paki bado zipo kiasi, Oktoba huwa zambarau tupu. Binamu alikuwa ameongeza voisi usiku, kwamba New Orleans ile ya katikati inaitwa "neutral ground", ardhi isiyo ya mtu, kutoka Canal Street wakati Wakrioli, wenyeji wa kusema Kifaransa, walikuwa upande mmoja na Wamarekani wageni upande mwingine na hawapendani. Nikafikiria islandi zetu na vile wanaouza maji na chaja wanavyokimbilia hapo taa zikibadilika. Hiyo pia ni ardhi isiyo ya mtu, mpaka askari waje.

Nikamwonyesha Uhuru Park, nikamwambia 1989 walitaka kuweka jengo la ghorofa 60 hapo na Wangari Maathai akakataa. Na Waiyaki Way nikamwonyesha ule mugumo, mti mkubwa wa zamani, ambao wakati wanajenga Expressway ilikuwa ukatwe, na mwaka wa 2020 rais akatoa amri uachwe. Akaushika kwa mkono. Akauliza na ile nyasi ilikuwa hapa chini, iliandikiwa amri gani? Shem ana maneno.

Miguu inauma.

Ijumaa

Eastlands, Jogoo Road. Hapa ndio nilianza kuona kitu.

Nilimwambia shemeji leo tusiulize mtu yeyote jina la nyasi, tusikilize tu vile watu wanaelekezana. Tukapanda matatu tukakaa nyuma. Konda anaita, mtu anasema nishukishie hapo kwa mafundi. Mwingine, kwa mitumba. Mama mmoja na mtoto, hapo kwa wale wa ndizi. Kijana na begi, kwa kaosho. Kwa hao wote, mahali wanaposhuka ni ile nafasi moja, kando ya lami, rodi rizavu, hifadhi, devil strip, ita unavyotaka. Lakini hakuna hata mmoja aliitaja kama kipande cha ardhi. Waliitaja kwa mtu aliye juu yake.

Na mimi hapo ndio nikapata msimamo wangu, shemeji anapinga lakini mimi siachi. Hao wa Ohio na Australia wako na jina la nyasi juu nyasi ni kazi yao. Mwenye nyumba anatarajiwa akate mbele ya nyumba yake hata kama ardhi si yake, na asipokata majirani wanaongea, kwa hivyo kila wikendi lazima aitaje, nimekata parkway, nakata nature strip, mtoto toka kwa tree lawn kuna mavi ya mbwa. Kitu ukikishughulikia kila wiki kitapata jina la nyumbani. Huku hakuna mtu wa nyumba anaulizwa kuhusu hiyo nyasi. Anayeulizwa ni kontrakta, na kontrakta ako na neno lake la ofisi, na wengine wote wanaona pale ni pa kufanyia kazi.

Shemeji anasema si kweli, mbona kwao mwananchi hafyeki na bado kila mtu anajua hifadhi ya barabara. Nikamwambia kila mtu anaijua juu ya X, si juu ya majani. Alinyamaza kidogo, halafu akasema nimlipie soda.

Kuna mzee tulikutana naye akiuza kahawa chungu, mtu wa Mombasa, amevaa kofia yake, shikamoo marahaba zikaisha, na yeye ndiye pekee alitupa neno bila kufikiria. Alionyesha pale wateja wake wameketi akasema, "Si huo ukoka." Ukoka, ile nyasi fupi inayotambaa. Nilikuwa sijaskia mtu akilitumia Nairobi siku nyingi sana. Ni la nyasi lenyewe, si la mahali, lakini vile alivyolisema lilitosha yote mawili, kaeni hapo ukokani. Shemeji akasema hata Tanga wako nalo.

Jumamosi

Karen na Lang'ata. Huku ni nchi nyingine. Ua wa mikei, geti, na nje ya geti nyasi imekatwa chini kabisa, pembeni mawe yamepakwa chokaa nyeupe yamepangwa mstari ili gari lisipande. Hapa mtu anaitunza na si ardhi yake. Nikasema haya, kama hoja yangu iko sawa, watu wa hapa lazima wako na jina. Tukamuuliza jamaa mmoja alikuwa anamwagilia, mtu wa shamba, ameajiriwa. "Hii? Hii ni ya nje." Na ile ya ndani? "Ya ndani." Basi. Shemeji akanigonga bega, akasema jina hilo hapo, andika. Na kweli ukifikiria, anayeikata ni yeye, kwa hivyo jina ni lake, na kwa kazi yake kuna mbili tu, ya ndani na ya nje.

Lang'ata Road tulikuta ng'ombe. Wengi, wembamba, na vijana wawili wa Kimaasai nyuma yao na fimbo. Wakati wa ukame mnawaona mpaka karibu na tao, juu nyasi ya kando ya lami inapata maji yanayotoka kwa barabara na inabaki kijani wakati huko Kajiado kumekauka. Magari yanapiga honi, ng'ombe wala hawajali, ulimi unazunguka unakata, unazunguka unakata, mpaka ukingoni mwa lami pale nyasi inapomezwa na kokoto. Shemeji alisimama hapo muda mrefu akiangalia kwa jicho la kazi. Akasema hao wanakata vizuri kuliko kikundi chake na hawajazi risiti. Akamuuliza kijana mmoja hapa mnapaitaje. Kijana akasema, "Ni malisho tu, mzee." Kwa Wamaasai ukishika nyasi mkononi ukainua ni kuomba amani, niliwahi kuambiwa, na nilifikiria ile hasira ya dereva wa nyuma yetu, labda angeonyeshwa kidogo.

Jioni nimekaa na kwotesheni. Kuna mteja yuko na flati Umoja, anataka nyasi mbele, paspalamu juu ya kivuli, na kuna kipande kati ya ukuta wake na barabara ambacho pia alinionyesha kwa mkono tu, "na huku." Sasa nimeandika udongo, mbolea, gunia, kazi ya mikono, nimefika hapo kwa hicho kipande nikakwama. Rodi rizavu sitaandika, atashtuka. Shemeji anasema andika hifadhi. Mke wangu anasema andika "huku".

Jumapili

Shemeji ameondoka saa moja. Alikuwa anataka kubeba vipande vya nyasi ya Pemba kwa mfuko, nikamkataza, mmea ukivuka mpaka unataka cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, wale wa serikali wa kukagua mimea, na Namanga si mahali pa kuanza kueleza eti ni nyasi tu afande. Akasema atatafuta Pemba kwenyewe, ni nchi yake. Tumemfungashia maembe badala yake… hapana, mke wangu amenikumbusha hayo pia ni shida, tukamfungashia mkate na majani. Ya chai.

Mchana nikampigia mteja. Mwishowe nilikuwa nimeandika "nyasi ya nje ya ukuta hadi kwa lami", nikaona ni safi. Akasoma bei akanyamaza, halafu akauliza hii ya nje ya ukuta ni wapi. Nikamwelezea, bosi, ile sehemu, ukitoka geti, mkono wa kulia, kabla ya barabara, ulinionyesha.

"Aaah, pale kwa mama mahindi! Si ungesema. Hapana pale usipande, ataweka jiko wapi?"

Nimetoa hiyo laini. Tunaanza ya ndani Jumanne mvua ikikubali.